Muulize Bibi Shamba: Pikipiki ya Kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, ninunue pikipiki gani, kwa hiyo yale maswali ya oili na plagi yatasubiri. Msomaji mpya anayejiuliza bibi shamba amejuaje habari za pikipiki, jibu ni fupi: nilikuwa ofisa ugani wilaya ya Mvomero, na kazi ya ugani ni pikipiki kwanza, mbolea baadaye. Nilipewa Yamaha AG100 ya serikali, nikapanda nayo Mgeta kwa wakulima wa mboga, nikateremka nayo Dakawa kwenye mpunga. Sasa nimestaafu. Jumamosi huwa nafundisha watu wazima kuendesha kwenye uwanja wa mpira hapa Morogoro, wengi wao walimu na wauguzi waliopangiwa mahali ambapo basi halifiki. Siuzi pikipiki na hakuna kampuni inayonipa hata fulana, kwa hiyo nikiisifu au nikiiponda, ni kwa sababu nimeikalia.

*Shikamoo bibi shamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepangiwa juu Mgeta na sijawahi kuendesha pikipiki maishani. Nimetenga shilingi milioni 3 na laki 2. Wenzangu wanabishana: mmoja anasema Boxer 150, mwingine TVS 125, wa tatu anasema nichukue ya Kichina nibaki na chenji. Nichukue ipi? — Mwalimu mgeni, Mgeta*

Marahaba, mwalimu, na karibu kwenye baridi na njegere. Wenzako wanabishania injini. Mimi nataka kwanza kujua fundi wako ni nani. Nenda Nyandira siku ya gulio, simama pembeni, tazama bodaboda za pale ni za aina gani. Zinazong'aa usizihesabu. Hesabu zilizochakaa ambazo bado zinapanda na magunia ya kabichi. Aina iliyo nyingi kati ya hizo ndiyo ambayo fundi wa pale anaifungua gizani, na ndiyo ambayo duka la spea lina kebo yake ya klachi, pleti zake, plagi na breki shuu. Pikipiki nzuri ambayo kebo yake inapatikana Kariakoo tu itakufanya uwe mwalimu wa kutembea kwa miguu wiki nzima, na shilingi milioni tatu zako zimeegeshwa ukutani.

Sasa injini. Kwa milima yako anzia cc 125. Ya 100 itapanda, sikatai, ila ukiwa na boksi la madaftari na mfuko wa unga utajikuta uko gia ya kwanza na makelele matupu. Na anayejifunza akisikia injini inataka kuzima mlimani, mkono wake wenyewe unabana klachi. Akibana klachi pikipiki inarudi nyuma. Ikirudi nyuma anaweka mguu chini upande wa korongo. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kati ya 125 na 150 mimi sina ugomvi. Boxer ya 150 ina injini ya cc 144.8 na nguvu ya farasi 12, si nguvu ya kumtisha mtu mzima mwenye akili zake. Faida yake utaisikia sehemu mbili tu: ukipanda na abiria, na ukiwa kwenye lami ya barabara ya Iringa, lori liko nyuma yako linapiga honi nawe unahitaji kujiondoa. Kama utakuwa unashuka mjini mwisho wa mwezi tu, 125 inatosha na inakunywa kidogo.

Kuhusu ya Kichina, tusiwatukane Wachina bure. Nyingi ya zile za bei nafuu zimeigwa kutoka Honda CG125, pikipiki ya miaka ya 1970 ambayo Wajapani waliichora makusudi kwa ajili ya nchi ambazo watu husahau kubadilisha oili. Vali zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ya ndani, kwa hiyo kuna vitu vichache vya kulegea. Mchoro ni mzuri. Kinachotofautiana kati ya kampuni na kampuni ni chuma chenyewe, waya za umeme, na kama duka lililokuuzia litakuwa bado lipo mwakani. Ukikuta Nyandira wamejaa aina moja ya Kichina na wana spea zake, sitakuzuia.

Mambo ambayo muuzaji hatakwambia, uliza wewe. Je, ina kiki? Siku hizi baadhi zinakuja na selfu tu, na betri ikilala kwenye baridi ya Mgeta saa kumi na mbili asubuhi hakuna wa kukusukuma isipokuwa wanafunzi wako, na hiyo heshima haitarudi. Ringi ni za spoki au zile zilizomiminwa kipande kizima? Chukua spoki. Ikipinda kwenye jiwe fundi wa kijijini anainyoosha kwa kukaza na kulegeza. Ile nyingine ikipasuka imepasuka. Ina kabureta au mfumo wa kupuliza mafuta unaoendeshwa na kompyuta? Huo wa pili una ulaji mzuri wa mafuta na unawaka vizuri asubuhi, lakini ukiugua unataka kifaa cha kuusoma, na kifaa hicho kiko mjini.

Uliza pia gia zinakwendaje, hili watu wengi hulipuuza. Kuna pikipiki ambazo gia ya kwanza unaikanyaga chini na zinazofuata unazinyanyua kwa ncha ya kiatu. Kuna nyingine gia zote zinakwenda upande mmoja. Zote ni sawa, ila ukijifunzia ya aina moja na kununua ya aina nyingine, siku utakayoshtuka barabarani mguu utafanya kile ulichouzoesha, na utaongeza gia pale ulipotaka kupunguza. Jifunzie aina utakayonunua.

Na kuhusu kuteremka, kwa sababu unakwenda Mgeta na utawaona wenzako wakifanya: usiteremke fri, injini imezimwa, eti unabana mafuta. Mlimani injini ndiyo breki yako ya kwanza. Weka gia ya pili au ya tatu, acha injini ivute nyuma, breki ziwe za kusaidia. Pikipiki nyingi za bei yako zina breki za ngoma mbele na nyuma, na ngoma ikishapata moto kwenye mteremko mrefu inaanza kuteleza badala ya kushika.

Hesabu ya fedha: usimalize zote dukani. Kabla hujagusa pikipiki, toa ya kofia ngumu ya maana, ya mafunzo na leseni, ya bima ndogo, ya koti la mvua na buti zinazofunika kifundo cha mguu, na ya kumwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 500, kwa sababu injini mpya inasuguana na kuacha unga wa chuma ndani. Kinachobaki ndiyo bajeti yako ya pikipiki. Ukiona kinachobaki hakifiki 150 mpya, basi umeshajibiwa: ni 125.

*Shikamoo mama. Ni muuguzi Kilombero, nina urefu wa sentimita 150. Nataka pikipiki ndefu za porini kama za mashirika kwa sababu ya barabara zetu, lakini kaka yangu anasema mwanamke mfupi anunue skuta. — Muuguzi, Mlimba*

Marahaba mwanangu. Kaka yako amekosea barabara, wewe umekosea siti. Nyote wawili tuwaweke sawa.

Skuta ni chombo kizuri sana kwenye lami. Haina gia wala klachi, unavuta mafuta inakwenda, mvua ya kawaida haikulowanishi miguu. Ningekuwa naishi Masaki ningekuwa nayo. Lakini skuta nyingi zina ringi za inchi 10 au 12, na gurudumu dogo huzama kwenye kila shimo ambalo gurudumu la inchi 17 linaruka juu yake. Kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, na mchanga wa kwenu, usukani wa skuta utakutetemesha mpaka usahau ulikuwa unakwenda kumzalisha nani.

Hizo ndefu nazo zina sababu ya kuwa ndefu. Tazama madigadi ya mbele ya pikipiki ya porini, yaani lile bati la kuzuia tope: limewekwa juu sana, mbali na tairi. Ni kwa ajili ya udongo wa mbuga, ule mweusi wa kwenu ambao mvua ikinyesha unajisokota kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi, na gurudumu linagoma kuzunguka huku injini inalia. Wa kwenu ndio mabingwa wa kushuka na kijiti kuchokoa. Kwa hiyo hoja yako ina uzito. Ila Honda XR150L, kwa mfano, siti yake iko karibu sentimita 82 kutoka chini, na kwa urefu wako utakuwa unaning'inia. Anayejifunza akining'inia huanguka akiwa amesimama: kwenye foleni, mbele ya zahanati, akiwa anageuza. Maanguko ya mwendo wa sifuri ndiyo yanayowakatisha tamaa wanawake wengi, na hayana uhusiano wowote na uwezo wao.

Chukua ya kawaida ya 125, siti zake ziko chini zaidi, na fundi wa siti anaweza kupunguza sponji kidogo pale mbele unapokaa. Usikubali akate shokapu au kubadilisha kimo cha pikipiki yenyewe; sponji tu. Dukani ikalie ukiwa na buti utakazovaa kazini. Huhitaji nyayo zote mbili kulala chini. Unahitaji mguu wa kushoto ukanyage imara huku wa kulia uko kwenye breki, na hiyo inawezekana ukisogea ukingoni mwa siti. Mwombe fundi ainue madigadi ya mbele kidogo, au masika yakianza ayafungue kabisa. Bodaboda wa mpunga wanafanya hivyo na ndiyo maana vifua vyao vina madoa.

Jambo la mwisho kwako: kabla hujalipa, mwombe muuzaji ailaze pikipiki chini taratibu halafu uiinue mwenyewe. Akikataa, ifanye kwa ya rafiki. Zima swichi, ingiza gia ili isitembee. Kama imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabisa. Ipe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja ushike usukani uliokunjwa kuelekea kwako, mwingine ushike chuma cha nyuma ya siti, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa mapaja. Mapaja, si mgongo. Watu wafupi wanaiweza kuliko mashujaa warefu wanaoinama na kuvuta.

*Bibi, kuna jamaa wa kijiweni amemaliza mkataba, pikipiki sasa ni yake na anaiuza milioni 1 na laki 3. Inang'aa, ameipaka rangi upya na kuweka siti mpya. Ananiambia niwahi, kuna mwingine anaitaka. — Kijana wa Kihonda*

Usiwahi. Huyo mwingine anayeitaka yupo kwenye kila biashara ya pikipiki na hakuna aliyewahi kumwona.

Bodaboda ya mjini inaweza kupita kilomita 100 kwa siku, siku sita au saba za wiki. Kwa mwaka na zaidi wa mkataba, piga hesabu mwenyewe. Humo ndani kuna mishikaki ya watu watatu kwenye siti moja, mifuko ya saruji, na oili iliyoongezwa tu badala ya kumwagwa kwa wakati. Pikipiki ya namna hiyo si lazima iwe mbaya, ila rangi mpya na siti mpya haziniambii chochote isipokuwa kwamba kuna kitu kimefunikwa.

Fika asubuhi, mapema kuliko mlivyoahidiana. Kabla hajaiwasha weka kiganja kwenye injini. Ikiwa na joto, kuna mtu ameshahangaika nayo ili ikufurahishe ukifika. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, iwashe wewe kwa kiki. Iache ingurume, halafu vuta mafuta na umwombe mwenzako asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake oili inaungua, ringi za pistoni au vali zimechoka, na hapo umeshaingia gharama za kufungua injini.

Ishike tairi ya nyuma kwa mikono miwili uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, ni bushi au beringi. Iweke stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, kisha zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa pale katikati, beringi za usukani zimekula, na pikipiki ya hivyo haitakwenda mbele kwa mstari, wewe utadhani hujui kuendesha. Shika breki ya mbele uikandamize chini mara kadhaa, kisha pitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu: oili ikikubaki kidoleni, sili zimekwisha. Meno ya sproketi ya nyuma yakiwa yamelala upande mmoja na kuchongoka kama msumeno, utanunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, usikubali kubadilisha moja. Halafu inyanyue hiyo siti mpya. Angalia fremu chini yake, pale anapokaa abiria wa pili na wa tatu. Ukiona mshono wa welding ambao haufanani na ule wa upande wa pili, aga kwa heshima, uondoke.

Kilomita kwenye dashibodi usizisome kabisa. Kebo ile huchomolewa kwa dakika moja.

Karatasi sasa, maana hapa ndipo watu hulia zaidi kuliko kwenye injini. Kumaliza mkataba ni jambo moja, kadi kuwa na jina lako ni jambo jingine. Mara nyingi kadi ina jina la bosi au la taasisi iliyokopesha, na kijana ana karatasi ya makubaliano tu. Anayekuuzia lazima awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au mwenye jina aje mwenyewe asaini. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya pikipiki chini ya usukani, na ya injini imegongwa kwenye injini. Zisome mwenyewe, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi. Zikiwa zimesagwa au zina rangi nzito juu yake, hiyo pikipiki ina mwenyewe mwingine. Mkiridhiana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi na mwende TRA kubadilisha umiliki, kila mmoja na TIN yake, ile namba ya mlipakodi. Usikae na kadi ya mtu kwa kuaminiana. Siku akipata kesi, pikipiki ni yake.

Vyote hivyo vikipita, mpunguzie bei kwa kila ulichokiona, na utenge fedha za tairi.

*Bibi shamba mambo? Nina miaka 22, niko Dar, nimepata ramani ya kuagiza spoti baiki ya cc 250 kutoka Japani. Sijui kuendesha ila najifunza haraka. — Mwana wa Sinza*

Poa, mwanangu. Hapana. Usukani wa zile uko chini, unakulazimisha ulalie tanki, kwa hiyo kwenye foleni ya Ubungo uzito wako wote uko kwenye viganja. Plastiki zake za pembeni huvunjika kwa anguko moja la kusimama, na mtu anayejifunza huanguka akiwa amesimama. Endesha 125 kwanza. Ikifika wakati hufikirii tena mguu uko gia ya ngapi, niandikie tena na nitakujibu kwa furaha.

*Salaam dada. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka pikipiki. Jirani, ambaye ni bodaboda, amejitolea kumfundisha jioni barabarani bure. Naogopa. Nimkatalie? — Mama, Kilosa*

Salaam, mama mwenzangu. Ukimkatalia ataendesha ya rafiki yake, bila kofia, usiku, nawe hutajua. Kinachotakiwa ni kukataa namna ya kufundishwa, pikipiki umruhusu.

Jirani huyo anajua kuendesha, sina shaka, pengine anaendesha kuliko mimi. Lakini ameshasahau alivyojifunza, na barabara ya jioni yenye ng'ombe, baiskeli na magari ya miwa si mahali pa kutafuta klachi. Hapa kwangu mwanafunzi wa siku ya kwanza hawashi injini. Anaisukuma pikipiki uwanjani, anaizungusha, anaiweka stendi, anaitoa, mpaka mikono ijue uzito wake. Baada ya hapo anajifunza klachi peke yake, bila kuvuta mafuta: aiachie polepole mpaka pikipiki itake kwenda, abane tena. Akishaweza kwenda mwendo wa mtu anayetembea bila kuweka mguu chini, na kuzunguka mawe mawili kwa umbo la namba 8, ndipo namfundisha breki.

Na breki ndiyo somo ambalo wa mitaani wengi hawana. Utawasikia wanasema breki ya mbele inaua, usiiguse. Pikipiki inaposimama uzito mwingi unakwenda gurudumu la mbele, kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Anayetegemea ya nyuma peke yake husimama mbali zaidi, au gurudumu hujifunga likateleza pembeni. Kinachoangusha ni kuikamata ya mbele ghafla, au kuikamata huku usukani umekatwa, au kwenye mchanga. Iminywe polepole, kwa vidole, usukani ukiwa umenyooka, pamoja na ya nyuma. Mwanao aifanye hiyo mara nyingi uwanjani kabla ya kuona lami.

Apate leseni ya kujifunzia, apite chuo cha udereva, afanyiwe mtihani na trafiki, ndipo apewe leseni yake. Ulizeni chuoni kuhusu daraja la leseni, kwa sababu kuna A na A1, na mstari wa kuzigawa ni cc 125. Asije akafanyia mtihani wa ndogo akanunua kubwa. Bima akate, na mhakiki wenyewe kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kama kweli imesajiliwa. Na mwekeeni sharti moja la nyumbani: asibebe abiria miezi ya mwanzo. Abiria anayeegemea upande usiotarajiwa anabadilisha pikipiki yote, na marafiki wa mtu aliyemaliza kidato cha sita wanajulikana.

*Kofia ya elfu 15 na ya laki moja zina tofauti gani? Zote si plastiki? — Msomaji, Dumila*

Gamba ni plastiki. Kinachookoa ni sponji ngumu nyeupe ya ndani, ile inayofanana na ya kwenye maboksi ya televisheni, ambayo ikigongwa inabonyea yenyewe badala ya fuvu lako. Ya elfu 15 mara nyingi ina kitambaa na sponji laini ya godoro tu. Ifunue kitambaa utazame. Tafuta alama ya viwango, ECE au DOT, ichukue inayofunika kidevu, na ibane mashavu kidogo ikiwa mpya. Ukiitikisa na ngozi ya uso haiendi nayo, ni kubwa. Kamba uifunge. Mapitio ya tafiti za kofia yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 yalionyesha kwamba zinapunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42, na hizo ni za waliozivaa kichwani, wala hesabu hiyo haiwahusu wanaozitundika kwenye kiwiko wakimwona trafiki. Kioo kiwe cheupe. Cheusi kinapendeza mchana, usiku hakikuonyeshi mbuzi.

*Habari kutoka Kisumu. Huku nduthi, yaani pikipiki, za umeme zimeingia. Kama mtu anaanza leo, si afadhali aanze na hiyo? — Msomaji, Kisumu*

Nzuri, karibu kwenye safu yetu. Kwa anayejifunza ina raha yake: haina klachi, haina gia, haizimi mlimani. Lakini nguvu yake inakuja yote kwa mara moja ukivuta, kwa hiyo mkono mwepesi. Swali la kwako ni lile lile nililomwuliza mwalimu wa Mgeta, ila badala ya fundi weka betri. Kama kituo cha kubadilishia betri kiko njiani kwako na jirani zako wanakitumia, kama wanavyofanya Kigali na Nairobi, nunua. Kama kiko upande wa pili wa mji, utakuwa unaishi kwa ajili ya betri.

*Nikinunua yangu binafsi, naweza kupiga boda jioni ili inirudishie fedha? — Karani, Ifakara*

Kubeba abiria kwa nauli ni biashara: kunataka kibali cha usafirishaji, bima ya chombo cha biashara na namba nyeupe badala ya njano. Ukipata ajali na abiria ukiwa na bima ya binafsi, kampuni ya bima itakuuliza huyo alikuwa nani, na shemeji zako hawawezi kuwa wengi kiasi hicho. Zaidi ya hayo wewe ni mgeni wa pikipiki, na unataka kuanza na mlevi wa saa tano usiku? Subiri.

*Nyekundu au nyeusi? — Msomaji, Turiani*

Ile ambayo fundi wako ana tanki lake na vikava vyake vya pembeni dukani. Zikiwa zote zipo, nyekundu, kwa sababu dereva wa lori la miwa ataiona mapema kidogo. Nyeusi ukiiacha juani saa nane utaikalia ukiwa umesimama.